Nitakuonjea Huko Uendako

Mambo haya yalimpata Kadii, jirani yangu wa mlango kwa mlango katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hoteli. Yaliyotokea huko mbali alinisimulia kwa mdomo wake mwenyewe, na yaliyotokea huku Malindi niliyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ni porojo. Mimi hata si wa pwani. Naitwa Mumbua, kwetu ni Mwingi, nililetwa Malindi na kazi ya kupokea simu, na mtu aliyekaa miaka kwenye swichibodi anajua kutofautisha habari na uvumi.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa themanini na nne, siku ya kawaida kabisa. Maji yalikuwa yamekatika, mpishi alikuwa akigombana na mtu wa samaki, nami nilikuwa nikiunganisha simu za Waitaliano wanaopenda kupiga kelele kana kwamba waya hausikii. Madamu Ammann akaja mapokezi na fimbo yake. Huyu alikuwa bibi wa Kiswisi, mjane, aliyekuja kwetu kila mwaka kukimbia baridi ya kwao, na Kiswahili alikiokota kwa wafanyakazi, kipande huku, kipande kule. Akatuambia mpwa wake amemnunulia tikiti ya meli ya starehe, ya kuzunguka visiwa vya Karibi wakati wa Krismasi, ambako jua huwaka wakati kwao kumejaa theluji. Miguu yake ilikuwa mibovu na hakutaka kwenda peke yake.

"Kadii kuja na mimi," alisema. "Mimi lipa yote."

Nasema wazi, moyo uliniuma. Mimi Kiingereza nakijua, nimesoma hadi kidato cha nne, na nauli ya kwenda kwetu tu hunitoa jasho, halafu anayechaguliwa kwenda kuiona dunia ni msichana wa kutandika vitanda! Nilitabasamu, nikasema heri.

Lakini wivu wangu ulikuwa mchezo wa watoto. Mwenye wivu wa haki alikuwa Nyevu.

Nyevu na Kadii ni dada, baba mmoja, mama mbalimbali, Wagiriama wa Jilore, ndani kidogo ya Malindi. Nyevu ndiye mkubwa, na ndiye aliyemtafutia Kadii kazi hotelini. Madamu Ammann alikuwa wake. Yeye ndiye aliyemkanda miguu kwa mafuta ya nazi miaka yote ile, hata bibi akawa hapati usingizi asipokandwa na Nyevu. Halafu Nyevu akaenda kwao kujifungua. Mtoto akafa. Akakaa huko mpaka huzuni ikapungua, na kabla ya kuondoka alikuwa amemwomba mdogo wake amshikie zamu. Aliporudi, Madamu alimpa pole, akampa na kitambaa cha hariri, kisha akamwita Kadii aje amkande. Nyevu akapewa vyumba vya upande wa barabara, vile vya madereva wa watalii, na kwa kweli sijawahi kumwona mtu akifagia kwa uchungu kama vile.

Wiki ya mwisho Madamu alimfunza Kadii mambo ya melini, wawili wameketi verandani. Nilipita kumpelekea ujumbe wa simu, nikakawia kuondoka makusudi. Alimwambia watu wa melini ni walewale kila mwaka, majina tu ndiyo hubadilika. Kuna mzee atakayekuonyesha mshono wa upasuaji wake wakati wa kula. Kuna mume na mke ambao nyumbani hawasemezani, wakifika melini hawanyamazi. Kuna anayevijua visiwa vyote, na kila mkishuka atasema zamani palikuwa pazuri zaidi. Kuna wanaoamka alfajiri kutandika taulo kwenye viti vya jua, kisha wanarudi kulala. Na kuna watakaomkabidhi Kadii gilasi chafu wakidhani ni mtumishi, naye akatae.

"Na kila meza," Madamu alisema, "iko mtu moja, hapana jua nani leta yeye."

Kadii akauliza huyo ni mtu gani. Madamu akacheka, akasema huyo ni mzuri, hana kelele. Mimi niliondoka nikijisemea kwamba hata huyo amenishinda bahati.

Jumapili ya kumuaga tulikwenda Jilore mchana, wafanyakazi karibu wote, tukapikiwa wali na kuku nyumbani kwa baba yao. Mnazi, ile pombe ya kugema, ulikuwapo. Kwa wasiojua, desturi ya Wagiriama ni kwamba anayekumiminia hunywa fundo moja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Husema anatoa uchawi. Kwa mgeni ni adabu, na hufanywa bila kuambiwa. Baina ya ndugu mambo ni tofauti. Ndugu akikupa, wapokea na kunywa. Kumwambia ndugu yako aonje kwanza ni kumwita mchawi mbele ya ukoo.

Sasa hotelini watu walikuwa wamemjaza Kadii maneno. Jihadhari na dada yako, ana kijicho. Jihadhari usije ukashindwa hata kupanda ndege. Maneno yalikuwa yamemwingia. Nyevu alipomimina, akamnyoshea gilasi kwa mikono miwili, Kadii hakuipokea. Aliitazama.

"Onja kwanza," alisema.

Shangazi yao mmoja akaweka sahani chini, akainuka na kuingia ndani. Nyevu hakukasirika, wala hakulia. Aliipeleka gilasi mdomoni, akanywa fundo refu, akapangusa ukingo kwa kidole gumba. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayembariki mtoto:

"Nimeonja. Na huko uendako nitakuonjea."

Kadii akanywa. Watu wakaanza kuzungumza kwa pupa, kila mtu akitafuta la kusema. Njiani kurudi hakuna aliyeimba.

Yanayofuata ni ya Kadii mwenyewe.

Alisema walipanda meli katika bandari moja ya Marekani, na kwamba ilikuwa kubwa kuliko hoteli yetu na ya jirani zikiunganishwa. Meza ya kulia hupangwa mara moja, na hapo ndipo pako mpaka safari iishe. Yao ilikuwa ya watu sita, karibu na dirisha. Madamu alikuwa amesema kweli tupu. Mzee wa mshono alikuwapo, Mjerumani aliyestaafu kazi ya reli, na figo yake moja aliisimulia kabla supu haijapoa. Mke wake alikuwapo, mwenye kuvijua visiwa vyote. Alikuwapo na mjane mmoja mpenda karata, mwenye marashi yanayofika mezani kabla yake. Kiti cha sita kilikuwa kitupu. Kadii aliambiwa achukue taulo, aongeze barafu, aite lifti, na kila mara Madamu aligonga fimbo na kusema huyu ni mgeni wangu. Alikuwa na furaha. Alikula mpaka akaona haya.

Baada ya kisiwa cha kwanza, walipokwenda kunywa chai ya asubuhi, kiti cha sita kilikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke. Alijifunika leso kichwani. Aliketi na dirisha mgongoni, na jua la bahari lilikuwa kali nyuma yake, hivyo uso ulikuwa kivuli kitupu. Mhudumu alikuwa ameshamwekea sahani na kikombe. Mzee wa reli alikuwa akimwelezea figo. Hakuna aliyeshangaa.

Kadii alitazama mikono. Aliijua. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na alama ya pasi, na aliyeungua kwa pasi ile alikuwa Nyevu. Mkono ukanyoshwa juu ya meza. Ukachukua kikombe cha Kadii, taratibu. Ukakipandisha ndani ya kile kivuli. Kikasikika kikifyonzwa. Kisha ukakirudisha mbele yake, mpini umegeuzwa upande wake, kama tulivyofundishwa kumpa mtu kitu.

Hapo ndipo Kadii alipofanya kosa, na ni kosa ambalo asingelifanya ila mtu wa kwao. Mzungu angeuliza, mbona wanywa chai yangu? Mimi ningepiga ukelele. Kadii alilelewa kwamba mtu akikuonjea, unakunywa. Kukataa baada ya kuonjewa ni tusi la pili. Na la kwanza lilikuwa bado linamwasha kifuani. Alikunywa.

Chai haikuwa na ladha. Ilikuwa moto tu, basi. Akaongeza sukari. Akaongeza tena. Ule mkono ukachukua mkate wake, ukamega, ukarudisha. Mkate ukawa karatasi. Embe likawa pamba yenye maji. Mchana alikula peke yake, kwa siri, chumbani, na kile nacho hakikuwa na kitu ndani yake. Kikishuka tumboni kilirudi.

Ikawa kila asubuhi. Nguo zikaanza kumlegea. Akamuuliza mke wa mzee wa reli, yule mwanamke ni wa nani? Mama yule akashangaa. Wao walidhani amekuja na Kadii, tena walimsifu jinsi anavyomhudumia. Mjane wa karata alidhani ni wa Madamu. Mhudumu alidhani ni wa mjane. Alipomuuliza Madamu, bibi alimpapasa shavu akamwambia, si nilikuambia?

Huku Malindi sisi tulikuwa na ya kwetu. Nyevu alianza kulala alasiri. Mwenyewe hakuwa mtu wa kulala mchana, lakini ikifika saa tisa utamkuta chumba cha shuka, amejilaza juu ya mafungu ya mataulo, na kumwamsha ni kazi. Chakula cha wafanyakazi aliacha kukigusa. Mashavu yalimjaa. Ngozi ikang'aa. Wanaume wa jikoni wakaanza kumchungulia. Siku moja nilimuuliza mbona hali, akasema ameshakula. Wapi?

"Mbali," alisema.

Sikuuliza zaidi. Nilihesabu kichwani tu, maana kazi yangu ni simu za nchi za mbali na saa zao nazijua. Saa tisa alasiri kwetu, Karibi ndiyo kwanza wanakunywa chai ya asubuhi.

Simu ilikuja siku chache baada ya Krismasi. Opereta wa nje akasema ni ya melini, nishike. Kukawa na mvumo, kisha kikohozi, kisha sauti ambayo sikuitambua mara moja. Ilikuwa nyembamba sana.

"Mumbua. Nyevu yuko wapi?"

Nikamwambia amelala, chumba cha shuka.

"Mwamshe. Namwona anakula. Nakuomba, mwamshe."

Simu ya meli, alinieleza baadaye, iko kwenye kaunta mkabala na mlango wa ukumbi wa kulia. Mlango ulikuwa wazi. Meza yao aliiona vizuri.

Nilimwachia mapokezi Nahashon, karani wetu, nikaenda mbio. Nyevu alikuwa chali juu ya mataulo. Macho yamefumbwa. Mdomo unatafuna. Anatafuna polepole, anameza, anatafuna tena. Nilipoinama nilisikia harufu ya sukari iliyoungua na tunda ambalo sijui jina lake hadi leo. Nilimtikisa. Nilimpiga kofi. Akafumbua macho, na kwanza hakunijua. Kisha akajipangusa mdomo.

Nilimburuta hadi kwenye swichibodi nikampa chombo cha masikio kimoja, kingine nikabaki nacho. Sioni aibu kusema nilisikiliza. Ndiyo kazi yangu.

"Dada," Kadii alisema. "Nisamehe."

Nyevu akakishika chombo kwa mikono yote miwili.

"Uliniita mchawi mbele za watu," alisema. "Mimi niliyekulea. Ulichukua bibi yangu, nikanyamaza. Nimetoka kuzika mtoto, nikanyamaza. Kisha ukaniambia nionje."

"Nilikukosea. Dada, nakufa. Nimebaki mifupa."

"Nilikasirika, nikasema neno," Nyevu alisema, na sasa alikuwa akilia. "Nilisema tu. Sikuweka dawa, sikwenda kwa mtu. Nikisinzia najikuta huko. Kuna anayenivuta mkono. Sipendi, halafu chakula ni kitamu, halafu nataka tena."

Mvumo tu. Kisha Kadii akauliza, taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na aliye karibu:

"Dada, uko macho?"

"Niko macho. Niko hapa na Mumbua."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi huyu ni nani?" Kadii alinong'ona. "Bado amekaa."

Nyevu akanishika mkono. Kucha zikaingia.

"Anakula sahani yangu," Kadii alisema. "Dada, mikono si yako tena. Ni yangu."

Waya ukakatika. Nilipiga, nikapiga, opereta akasema meli haipatikani.

Tangu siku ile Nyevu hakulala mchana. Usiku alilala kwangu, nami nikimwamsha kila anapoanza kutafuna. Alikuwa amejua la kufanya, au alidhani amejua. Tusi lilitolewa kwa gilasi na kwa gilasi lingeondolewa. Kadii akirudi hai, anywe mkononi mwa Nyevu bila Nyevu kuonja, na bila Kadii kuuliza. Hakukuwa na njia nyingine aliyoijua. Nami niliyekuwa nimekaa nikimwonea Kadii wivu tangu Novemba, nilijikuta namwombea kila nikiunganisha simu.

Alirudi Januari. Meli ilikuwa na daktari, na daktari alimtundikia maji mpaka bandarini, ndiyo yaliyomfikisha. Tulimpokea Mombasa, kiwanja cha ndege, na nilimpita mara mbili bila kumjua. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Nguo nzuri alizonunuliwa na Madamu zilimning'inia. Alituambia hajasikia ladha ya kitu chochote, hata chumvi, hata damu alipojiuma ulimi makusudi.

Tulimketisha chumbani kwangu, saa nne asubuhi, mlango wazi, jua linaingia. Nyevu alileta mnazi kwenye chupa kutoka Jilore. Akamimina. Nilikuwa nikiutazama uso wake, na nitasema kweli, sikujua kilichomo moyoni mwake. Wivu haumtoki mtu kwa sababu amelia kwenye simu. Alikuwa amenenepa kwa chakula cha mwenzake. Katika wiki zile alikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuwa maishani. Akitaka kuyamaliza, leo ndiyo ilikuwa siku.

Akainyosha gilasi kwa mikono miwili. Hakuonja.

Kadii aliitazama. Aliitazama sana. Mdomo ukafunguka, nikadhani atasema lile neno. Nyevu hakupepesa jicho.

Kadii akaipokea, akanywa yote.

Akafumba macho. Uso ukamkunjamana. Akashika koo.

"Mchungu," alisema.

Nyevu akaruka nyuma. Mimi nilikwisha shika beseni, nikiwaza hospitali, nikiwaza polisi, nikiwaza nitamwambia nini baba yao.

"Mchungu, dada," alisema tena, na machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akicheka. "Umechacha. Nausikia."

Wakakumbatiana pale sakafuni, mmoja mifupa, mmoja nyama, wakilia kama watu waliofiwa. Nami nikalia. Kadii alikula ugali na dagaa siku ile hadi tukamnyang'anya sahani. Kufikia Pasaka mwili ulikuwa umerudi. Nyevu alipungua akawa kama zamani, na kila mmoja akawa anakula cha kwake. Ningependa kuishia hapa, na watu wengi nimewasimulia nikaishia hapa.

Desemba iliyofuata Madamu Ammann alirudi.

Nilimwona akishuka kwenye gari nikashtuka. Mikono ilikuwa vijiti. Lakini alikuwa mchangamfu. Alipofika mapokezi aliomba chumba cha vitanda viwili, na meza ya watu wawili karibu na dirisha. Nikamuuliza mgeni wake atafika lini. Akacheka, akaniambia wamekuja pamoja. Nikatazama garini. Dereva alikuwa akifunga mlango wa pili wa nyuma, ule ambao hakuna mtu aliyeshukia.

Kadii na Nyevu waliposikia walikimbilia chumba cha shuka, wakajifungia, wakasema afadhali wafutwe kazi. Hivyo asubuhi, simu ya mpwa wake ilipokuja, ni mimi niliyempelekea ujumbe mezani. Alikuwa ameketi akitazamana na kiti kitupu. Mbele ya kiti palikuwa na sahani, na mhudumu wetu Ochola, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa akimimina chai katika kikombe cha pili bila kuambiwa.

"Huyu hapana sema mingi," Madamu aliniambia, akionyesha kile kiti kwa kidevu. "Lakini onja yote. Mimi hapana ogopa tena."

Nilimuuliza kama chakula kinampendeza. Alisema hapana, hakina chumvi, lakini kampani ni nzuri. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Mwaka huu tena meli," alisema. "Nani kuja na mimi?"

Mtu angedhani ningekimbia. Nilikuwa nimeshika beseni kwa ajili ya Kadii. Nilikuwa nimesikia ile sauti kwenye waya. Lakini nilisimama pale, na kilichonijia kichwani ni visiwa. Ni meli kubwa kuliko hoteli mbili. Ni Kadii na yale mavazi, na jinsi watu walivyomzunguka mwaka mzima wakitaka kusikia habari zake, hali mimi niliyeijua dunia nzima kwa sauti sijawahi kuvuka mpaka wa nchi. Ule wivu wa Novemba haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umekaa tu, unangoja.

"Mimi," nilisema.

Madamu akatabasamu. Alikitazama kile kiti, kama mtu anayeomba ruhusa. Nacho kikasogea nyuma kidogo, chenyewe, miguu ikikwaruza sakafu, vile watu wanavyosogea kumpisha mwenzao aketi.

Sikwenda. Madamu alifariki kabla ya Krismasi, usingizini, na daktari akasema ni uzee. Mpwa wake akaja kuchukua mwili. Niliunganisha simu zote za msiba huo mimi mwenyewe, na nilipokuwa nikimwambia Ochola aondoe ile meza ya watu wawili, akaniambia kiti cha pili alishakirudisha, maana hakikuwa na mtu tena. Alisema hivyo kwa wepesi tu, akaenda zake.

Sasa ni mwaka wa themanini na tisa. Nimeolewa na Joram, mwalimu, mwanamume mpole, na ndiye anayenipikia chai asubuhi kabla sijaenda kazini. Naweka vijiko vinne vya sukari, siku hizi vitano. Yeye akionja hutema, anasema ni asali. Mimi nasikia moto tu. Nimepungua, watu wanadhani ni mimba zinazoharibika. Sijamwambia kitu. Jana asubuhi alikuwa ameshika kikombe changu, bado hajamimina, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Akaniuliza ni nani aliyekinywea, mbona ukingo umelowa.